Tutasukuma Pikipiki Mbele ya Mulango Wako

Masisi, siku ya Mungu, tarehe 20 mwezi wa kumi 1968

Kwa kaka yangu mukubwa Grégoire,
Katekista wa Kashebere

Kaka,

Nakusalimia kwanza, mbele ya hasira yangu, juu Papa alitulea hivyo: hata muntu mwenye umekuja kugombana naye, unamuuliza kama amelala vizuri. Basi, umelala vizuri? Ile kifua yenye inakusumbua wakati wa mvua imepoa? Shemeji na watoto wako wazima? Na Mama yetu? Mwambie Mama asilazimishe magoti yake kupanda ku shamba ya mihogo. Watoto wako wamekomaa na wanakula vizuri, walime wao.

Sisi huku tuko wazima. Bibi yangu Adelaïde anakusalimia sana, ijapokuwa alitaka niandike kama anakusalimia kidogo tu. Maharagwe imezaa, mvua haikuiharibu. Nguruwe ya pori imekula kipande ya mihogo yetu kando ya muto, ni kawaida yake. Kila kitu iko sawa, kaka, isipokuwa wewe.

Sidonie, ule mama wa chumvi, amefikisha ujumbe wako. Pongezi, umechagua mujumbe. Aliufikisha mu katikati ya soko, siku ya soko, amesimama juu ya gunia yake, na sauti yenye hata watu wa mbuzi kule ngambo waligeuka kuangalia. Alisema katekista wa Kashebere anamwambia mudogo wake Léonard hivi: nikithubutu kupita Kashebere na pikipiki pamoja na Hakorimana na wenzake, utatandika mwanzi kufunga njia, utafunga kanisa na ufunguo, na kutoka siku ile mimi si mudogo wako tena. Kisha akaongeza, na hapa njo watu walicheka, kama muntu mwenye aliogopa kutumia bunduki wakati gala zinaungua hana haki ya kuibeba mugongoni wakati wa amani. Mimi nilikuwa nanunua chumvi. Nikapokea chumvi yangu, nikasema aksanti Mama Sidonie, nikaenda zangu. Lakini masikio iliniwaka mpaka nyumbani, na Adelaïde aliona.

Wewe ulinituma maneno mu mudomo ya muchuuzi. Mimi nakuandikia barua, nimeifunga na utomvu ya muti, na Sidonie mwenyewe njo ataibeba bila kujua anabeba nini. Isome peke yako kwanza. Na jibu nakupa hapa juu, usichoke kulitafuta: nitakwenda. Nitapita Kashebere muchana, watu wote wakiona, na nitakuwa mbele ya wote.

Unakijua kikundi chetu, usijifanye mugeni. Ulikuwa unabeba mushumaa ku misa yetu ukiwa mutoto. Zamani, kila tarehe tatu ya mwezi wa kumi na moja, Wazungu wa mashamba walileta bunduki zao na imbwa zao ku misioni, padri anazinyunyizia maji ya baraka kwa jina la Mutakatifu Huberti, mulinzi wa wawindaji. Papa, Polycarpe, Hakorimana na Nzabonimpa, wao wane tu watu weusi wenye walikuwa na ruhusa ya bunduki ku mulima yetu, waliwekwa nyuma kabisa, karibu na imbwa. Kisha uhuru ulifika. Wazungu walienda na imbwa zao, Papa na wenzake wakabakia na mutakatifu. Pikipiki za wale Wazungu pia zilibakia, na ile ya Papa njo mimi naendesha. Sasa kuko vijana wengine wa mulimani wenye wamejiunga, kila mumoja na bunduki yake na pikipiki yake yenye kukohoa.

Na usiseme tena kama sisi ni watu wa damu. Nyama yenyewe tunaipata mara chache, muulize Adelaïde. Tunapenda bunduki vile wengine wanapenda ngombe. Tunaipakaa mafuta, tunaifungua, tunaifunga, tunasikiliza vile inafunga. Muzee Hakorimana anafumba macho, unafunga bunduki moja moja nyuma yake, na kwa ile sauti tu, ka, anakuambia hii ni ya Polycarpe, hii ya mutoto wa fulani, hii mwenyewe haipakae mafuta, ni muvivu. Hajakosea hata siku moja. Mambo ya watoto? Labda. Wewe unapenda kengele ya kanisa, na hakuna mwenye anakusema.

Safari tulianza kuipanga tangu mavuno ya maharagwe. Njia iko hivi: tunatoka Masisi, tunapita Kashebere, tunashuka Walikale, tunaingia pori mpaka Itebero. Siku ya Watakatifu Wote tukuwe Itebero. Siku ya Mutakatifu Huberti, na mwaka huu inaangukia siku ya Mungu, tukuwe tumerudi Kashebere, juu padri amekubali kubariki bunduki ku kanisa yako. Ndiyo, yako. Padri hakuichagua, mimi njo nilimuomba iwe kwako.

Sasa nikuchekeshe kidogo, juu mbele nitakuliza. Tulitaka kwanza kujaribu mwendo, tukaenda Kalembe, mimi, Polycarpe na muzee Hakorimana. Wenzangu bunduki mugongoni, Hakorimana amevaa kofia yake ya manyoya, tunajiona warembo kabisa. Kufika Kalembe, hakuna muntu! Milango iko wazi, ndizi iko ku moto, kuku zinatembea peke yao njiani. Kumbe watu walisikia mashini, wakasema wale Wazungu wa vita, wa kukodishwa, wenye walitusumbua mwaka jana, wamerudi. Kijiji nzima ilikimbilia pori. Alibakia koko mumoja, muzee mwanamuke mwenye miguu haiwezi tena kukimbia, amekaa mbele ya sufuria yake. Alituambia kama tumekuja kumuua tumuue mbio mbio, asipate kuona maharagwe yake ikiungua.

Hakorimana alishuka ku pikipiki, akatoa kofia, akalia. Muzee muzima, kaka! Alilia kama mutoto. Polycarpe alikwenda kuchota maji akaongeza mu sufuria. Koko alipoona tunajua kuongeza maji mu maharagwe, woga ilimutoka na akaanza kututukana kwa raha yake yote. Alisema watu wenye adabu wanaingia mu kijiji ya wengine kwa miguu, na mwenye anakuja na makelele ya mashini amekuja kuchukua kitu. Tulikaa pale mpaka watu walirudi mumoja mumoja, na tukala nao ile ndizi yao.

Njo tukaweka sheria, na mimi njo niliitoa. Ku kila kijiji tutazima mashini mbele ya nyumba ya kwanza, tutasukuma pikipiki kwa mikono mpaka nyumba ya mwisho, na tutasalimia kila mulango. Polycarpe aliuliza kama hii ni mwendo ya pikipiki ao ni kuchunga ngombe. Alilalamika siku nzima. Lakini yule koko njo alishinda, hata Polycarpe alijua.

Administrateur, ule mukubwa wa serikali hapa Masisi, naye alikuwa na sharti yake. Alitupa karatasi ya njia, ila bunduki ziende zimefunguliwa, zimeviringwa mu mikeka, kanoni upande wake na kitako upande wake. Wewe hukupenda mambo haya, nikukumbushe: kanoni ni ile bomba ya chuma, kitako ni ule muti pamoja na mashini ya kupiga, na kimoja bila kingine ni kuni tu. Alizani tutakasirika. Tulitazamana sisi watatu, tukaanza kucheka mbele yake, na yeye hakujua juu ya nini. Utajua wewe.

Kisha tuligombana juu ya nani atangulie. Pikipiki ya Polycarpe haina freni, kwa hiyo ku mushuko atapita mbele ya wote asije akatugonga, na ku mupando tutamungoja. Hakorimana alisema yeye njo aongoze, juu bunduki yake iko na kanoni mbili. Nilisema hapana, nitaongoza mimi. Wakauliza juu ya nini. Nikasema juu ule mwanzi wa Kashebere ni wa kaka yangu, si wa kaka yao. Wakanipa nafasi ya mbele. Tena tulipatana kama kila pikipiki iende na kiti ya nyuma wazi, hakuna kubeba rafiki, hakuna kubeba mbuzi.

Usizani uko peke yako kutukataza. Huku mulimani pia wanasema. Wanaona aibu mimi na Polycarpe kutembea na watu wa ile lugha ingine, ya Hakorimana na Nzabonimpa, kisha ile vita yote ya mwaka wa sitini na tano. Na watu wa Hakorimana wanamwambia hivyo hivyo upande wao, eti tutamuua mu pori ya Walikale. Aliwajibu kama Léonard angekuwa na njaa ya kumuua, hangepoteza mafuta yote ile kwenda mbali hivyo, angemuulia hapa hapa. Njo vile tunaishi, kaka, tunacheka juu tumechoka kuogopa.

Na ile kiti ya nyuma, nikuambie sasa. Hatuendi kutembea. Tunaenda kumuchukua Nzabonimpa. Nyumba yake nimeiezeka upya, Polycarpe amelima shamba yake, na Mukashema bibi yake ametuma neno kama mizigo imekwisha kufungwa. Alikimbia peke yake, kwa miguu, bibi na watoto wakamufuata kisha, na watu wanamuita mwizi nyuma yake. Hawezi kurudi vile alikwenda. Atarudi katikati yetu, na bibi yake, na watoto wake, kila kijiji imuone na imusalimie, na ya kwako pia.

Najua vile unasema saa hii. Unasema: mwizi mwenye alikimbia Itebero na kanoni ya bunduki ya Papa. Umelisema soko kwa soko tangu miaka tatu, na mimi nimenyamaza. Sasa keti, kaka. Kama umesimama, keti.

Unakumbuka ile asubuhi. Gala yako iliungua, na hakuna muntu aliona ni nani aliichoma. Ulikuja kwa Papa, macho nyekundu, ukasema ni watu wa Nzabonimpa, unaenda kupiga nyumba yao masasi wakiwa ndani, ukuta ya udongo haizuie kitu. Papa alikuwa amelala mugonjwa. Ulikunjua mukeka wa bunduki, na mule mulikuwa kitako peke yake. Ulinishika shingo, ukauliza kanoni iko wapi. Nilisema sijue. Ulinipiga ngumi, jino langu likaanguka, ukasema hii nyumba iko na wanawake tu, ukatupa kitako mu majivu. Juma ile ile ulihamia Kashebere. Nzabonimpa naye alikimbia, na watu walipomuona njiani na kanoni ya Papa mu mukeka, ulipata jina la kumuita.

Nilikudanganya. Nilijua kanoni iko wapi.

Papa mwenyewe njo alimupa. Wakati maneno mu soko ilianza kuwa mubaya, mbele muntu hajapigwa hata fimbo, wale wazee wane walikutana kwa Hakorimana. Walitandika mukeka moja, wakafungua bunduki zote ine. Kila mumoja alirudi kwake na kitako yake mwenyewe, na kanoni ya muntu wa lugha ingine. Papa alichukua kanoni ya Nzabonimpa, Nzabonimpa akachukua ya Papa. Polycarpe na Hakorimana hivyo hivyo, ila wao walirudishiana kisha vita. Na kanoni ya mumoja haiingie mu kitako ya mwengine, hata upige nyundo. Hakuna bunduki ku mulima yetu ingeweza kulia bila muntu wa kwetu na muntu wa kwao kukaa pamoja na kukubaliana. Waliapa mbele ya sanamu ya Huberti kutoambia bibi wala mutoto. Mimi Papa aliniambia juu alikuwa mugonjwa, alihitaji muntu wa kumupandia ku paa. Kanoni ya Nzabonimpa ilikuwa mu paa ya jiko, ndani ya majani, juu ya kichwa chako wakati ulikuwa unanikaba. Uliangalia kila mahali isipokuwa juu.

Mu ile vita yote, kaka, zile bunduki ine hazikulia hata mara moja. Hakuna mulima mwengine unaweza kusema hivyo.

Uliniita mwoga mbele ya soko nzima. Basi sikia mwoga. Vijana wa kwetu walikuja kuniomba ile bunduki kisha wewe kuhama, wakanitisha, nikawaonyesha kitako. Ningeweza kukuambia siku ile kanoni ya Papa iko kwa nani, na ungeniita mwanaume. Nikachagua ngumi yako. Siombe musamaha juu ya ule uongo, hata kidogo. Leo ikiwa ile asubuhi tena, nitakupa jino lingine, chagua lenye unataka.

Na iko neno la mwisho. Hili si langu, Mama njo amenituma nikuandikie. Amelibeba miaka tatu mu nyumba yako, anakula ku sahani yako, anaogopa litakuvunja. Juma ilipita alimwambia Sidonie aniambie hivi tu: Léonard aseme. Sidonie hakuelewa. Mimi nilielewa.

Hujajiuliza Mama alikuwa wapi ile asubuhi? Ulisema wanawake wote wamekimbilia mu migomba. Mama hakukimbia. Mukashema alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na hakuna mwanamuke wa kwetu wala wa kwao mwenye alithubutu kupita njia. Mama alipita. Wakati ulikuwa unaniambia ukuta ya udongo haizuie kitu, Mama alikuwa nyuma ya ule ukuta, amepiga magoti, anapokea mutoto. Kuko kasichana kamoja ku Itebero kanaitwa Dorothée, jina la Mama yetu. Muulize Mama yako Dorothée kama anakajua.

Lakini usikimbilie kusema nilikuzuia juu ya Mama. Hapana. Mama hangekuwa mule, hata muntu mwenye simupende angekuwa mule, singekuambia ile kanoni iko kwa nani.

Kila juma unafundisha watoto amri za Mungu. Nilikusikia mara moja, nilisimama inje ya dirisha yako, hukuniona. Ulifika ku ya tano, usiue, ukaisema na sauti nzuri, hukutetemeka. Unaweza kuisema hivyo juu mikono yako iko safi. Iko safi juu ya Papa yako, na juu ya ule muntu mwenye unamuita mwizi, mwenye alitembea mu pori mpaka Itebero na kile chuma mugongoni, na mpaka leo anakipakaa mawese kisipate kutu. Angeweza kukitupa mu muto. Alikichunga kwa ajili yetu.

Basi tandika mwanzi yako, kaka. Itakuwa rahisi kutusimamisha, juu tutakuja kwa miguu, mashini zimezimwa, tunasukuma na kusalimia. Wewe pia tutakusalimia. Funga kanisa na ufunguo ukitaka. Huberti alikutana na Mungu mu pori, si mu kanisa, na padri amekwisha kuniambia majani ya inje inamutosha. Lakini bunduki ya Papa itafungwa mbele ya ule mulango. Mimi nitaleta kitako. Nzabonimpa ataleta kanoni. Papa, siku mbili mbele ya kufa, alisema kama siku ya kuiunganisha itafika, Grégoire njo ataifunga, juu ni mukubwa, na juu yeye njo aliitaka sana. Alisema hivyo akicheka kidogo, unamujua. Nafasi yako iko. Ukikosa kutoka, Mama njo ataifunga. Muzee Hakorimana atakuwa pale amefumba macho, na kwa ile sauti atajua kama ni ya Papa.

Nisalimie shemeji na watoto. Mwambie Mama tumeacha kiti moja ya nyuma kwa ajili yake, akipenda kurudi huku kuona mulima yake, na Polycarpe hatamubeba, asiogope. Adelaïde anasema uvae kitu ya joto ku misa. Chumvi ya Sidonie ilikuwa nzuri. Jino langu halijaota.

Mungu akuchunge mpaka tarehe tatu.

Mimi mudogo wako, upende usipende,

Léonard